Mteja wa Jumamosi na fundi wa Kigoma

Mdogo wangu wa Morogoro, barua yako imenikaa moyoni. Unasema una saluni ya viti vinne karibu na stendi, mafundi watatu, na mteja mmoja, mama mtu mzima, ambaye Jumamosi hakosi. Habishani bei. Msimu wa harusi ukifika anakuletea bi harusi, mpambe wake, mama mkwe na nusu ya kamati ya kicheni pati. Tatizo ni ulimi wake. Unaye binti mmoja kutoka Kigoma, mwenye mkono mwepesi kuliko wenzake, na kila akimsogelea mama huyo lazima lisemwe neno: "Huyu Mrundi wako bado yupo tu? Karatasi anazo?" Juzi akaenda mbali zaidi. Akasema, watu wamejaa, kwamba hataki kichwa chake kishikwe na watu wa huko, wasije wakaondoka na nywele zake wakamfanyizia mambo. Saluni ikacheka. Nawe ukatabasamu. Binti akachukua fagio akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

"Dada," umemalizia, "nikimfukuza yule mama, pango nitalilipa na nini? Nikinyamaza, usiku silali."

Nitakujibu kwa marefu, kwa sababu barua kama yako ninazo nyingi: fundi cherehani, mpishi wa shughuli, dada wa kucha, dalali wa vyumba anayeambiwa waziwazi na mwenye nyumba ni kabila gani asimpelekee. Wote wana mteja wanayemhitaji, na maneno ambayo hayamezeki.

Kwanza tumalize habari ya utani, maana najua huko ndiko mama yule atakakokimbilia. Ukimgusa tu atakuambia, "Mwanangu, si utani huo?" Na hapo wengi wetu huishiwa nguvu, kwa sababu utani tunaupenda na ni mali yetu kweli. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo wajukuu wao wakikutana wanachambana mpaka wanatokwa machozi kwa kucheka. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda na kurudi pwani. Mpare na Mchaga hawakai meza moja bila kuchokozana juu ya ubahili na pesa. Lakini utani una taratibu zake, na bibi zetu walizijua. Unamtania mtani wako, naye anakutania, palepale, tena kwa sauti ileile. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja msibani kufanya vituko ili wafiwa wapate kupumua, na ndiye anayeshika kazi ambazo mikono ya wenye msiba haiwezi kuzishika. Utani ni undugu, na una wajibu wake.

Sasa mtazame binti wako. Anaweza kumrudishia yule mama? Akithubutu, itasemwa amemvunjia heshima mteja, tena mkubwa wake kwa umri, na huenda wewe mwenyewe ungekuwa wa kwanza kumkemea. Mmoja anasema anachotaka, mwenzake kafungwa mdomo na riziki. Na mama huyo akipatwa na msiba kesho, hatampigia simu binti aje kumliwaza. Basi asiuazime utani kwa kazi hii. Kila ukiwa na wasiwasi kama neno ni mzaha au ni dharau, jiulize hilo tu: anayesemwa ana ruhusa ya kujibu?

Lipo na jambo jingine linalotuziba midomo sisi Watanzania. Tumelelewa tukiambiwa hatuna ukabila, na kwa sehemu kubwa ni kweli. Sensa ya mwisho kuwahesabu watu kwa makabila ilikuwa ya mwaka 1967. Kijana akileta mchumba, wazazi wengi watauliza dini na tabia kabla ya kuuliza kabila. Najivunia hilo kwa moyo wote. Ila fahari hiyo imetufanya wazito wa kusikia. Neno la kubagua likitamkwa mbele yetu tunasema "ah, ndivyo alivyo", au "wazee hao", kwa sababu tukikiri kwamba ni ubaguzi tutakuwa tumekiri kwamba nasi tunao.

Binti wa Kigoma hana nafasi ya kutolisikia. Mkoa ule umepokea wakimbizi kizazi baada ya kizazi: Warundi wa mwaka 1972, wengine wengi wa miaka ya 1990, Wakongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996. Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Kwa hiyo Muha akitoka kwao, swali la uraia linamfuata, hata kwenye dirisha la kuombea kitambulisho cha taifa. "Karatasi anazo?" kwake si swali la kuchekesha, ni swali lililokwisha kumgharimu nauli na siku za kazi watu wa kwao. Na hapo Morogoro ipo dharau ya zamani zaidi. Enzi za mkoloni, Kigoma ilikuwa moja ya sehemu zilizotoa manamba wa mashamba ya mkonge, na watu walizoea kumwona Muha kuwa ni mtu wa kukata mkonge na kulala kambini. Mama yule huenda hajui hata dharau yake ilianzia wapi. Kairithi tu, naye anairithisha kwa wote waliokaa kwenye benchi lako, pamoja na watoto wanaosubiri mama zao.

Kwa sababu hiyo nakuomba sana, mdogo wangu: usimtetee binti kwa kusema, "Mama, huyu si Mrundi, ni Mtanzania kabisa." Najua ndilo jibu linalokuja upesi. Lakini ukilitoa, umekubali kwamba angekuwa Mrundi angestahili kusemwa hivyo. Mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 wa familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972 walipewa uraia wa Tanzania. Mmoja wao, au mtoto wake, anaweza kuwa amekaa kwenye foleni yako Jumamosi hiyohiyo akisubiri kuoshwa nywele. Tetea kazi ya binti na heshima yake. Habari ya ukoo wake haimhusu mtu aliyekuja kusukwa.

Sasa maneno yenyewe. Mama akiingia mpokee kama siku zote: shikamoo, karibu, kiti hiki hapa. Usimwekee kikao mlangoni. Ngoja. Akilitoa tena neno lake, jibu palepale, kabla watu hawajaanza kucheka, kwa sauti ileile unayotumia kumuuliza mtu kama maji yamekuwa ya moto mno: "Mama, hapa kwangu hatusemani kwa makabila. Huyu ni fundi wangu na ninamwamini." Kisha rudi kwenye kazi: "Leo tunafumua kwanza, au tunaosha hivihivi?" Usiongeze hotuba. Ukieleza sana unafungua mabishano, na hakuna mtu mzima anayekubali kushindwa mbele ya watu.

Kama ulimi wako unakuwa mzito kwa mkubwa, ipo njia nyingine ninayoipenda. Muulize. "Sijakuelewa, mama. Karatasi za nini?" Uliza kwa upole, halafu nyamaza umtazame. Maneno ya aina hii yanaishi kwa kuchekewa. Mtu akiombwa ayafafanue, mara nyingi huyameza mwenyewe.

Ila lile tabasamu lako, naomba lisirudi. Nalijua, kila mwenye biashara analijua. Ni la kumpooza mteja, halina maana yoyote moyoni. Lakini binti hakuuona moyo wako. Kati ya nyuso zote zilizokuwa mle ndani, uso aliouangalia ni wako, kwa sababu wewe ndiye mwenye nyumba, na kwenye uso huo alisoma kwamba yuko peke yake. Kama siku hiyo hujui useme nini, usiseme, lakini usicheke. Uso mkavu nao wateja wanausoma.

Neno la mbele za watu liwe fupi. Lile refu lingoje mama amalize kulipa, ndipo umsindikize. Tunasindikizana kwa sababu njiani ndiko yanakosemwa yasiyosemeka sebuleni. Mkifika kwenye bajaji, au hata pembeni ya barabara, mwambie: "Mama yangu, nina neno, nalisema kama mwanao. Wewe ni mteja ninayekuheshimu sana, na umeniletea watu wengi, sijasahau. Lakini maneno unayomwambia yule binti yanamuumiza, na yananiumiza mimi. Naomba yaishe." Usimwambie yeye ni mbaguzi. Mwambie kitu gani kiishe. Mtu mzima aliyepewa njia ya kurudi bila aibu anaweza kurudi. Nimeona akina mama wakibadilika, tena wengine wanakuja wiki ya pili na mkate wa kumimina wakijifanya hawakumbuki chochote. Pokea mkate, nawe jifanye hukumbuki. Ukiona huwezi kabisa kusimama naye, mtafute mtu wa rika lake anayesikilizwa, shangazi yako au mama mmoja wa ile kamati, akamfikishie. Hakuna aibu katika kutuma mtu mzima kwa mtu mzima mwenzake.

Kuhusu nywele, hapo nitatenga mambo mawili ambayo yeye ameyachanganya. Hofu ya mtu kuacha nywele zake saluni ni kubwa katika nchi hii, na si ya mama huyu peke yake. Wapo wanaookota hata zile za kwenye kitana. Sitakuambia umdharau mtu kwa hofu yake. Weka utaratibu kwa kila mteja, awe nani: nywele zilizokatwa au zilizotoka kwenye kitana zinawekwa kwenye mfuko, na mwenyewe anaulizwa kama anaondoka nazo au zitupwe. Fundi yeyote, mteja yeyote. Ukishaweka utaratibu huo, hofu ya mama imepata jibu, na kilichobaki mdomoni mwake ni matusi kwa watu wa mkoa mzima. Hapo hana tena pa kujificha.

Nije kwa binti, kwa sababu katika barua yako ndefu umemweleza mama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka gari lake, na binti hujaandika hata aliwahi kukuambia nini. Umemuuliza? Mkae wawili tu, saluni ikishafungwa, na kitu cha kwanza umwambie ni kwamba ulisikia, na kwamba lile jambo halikuwa sawa. Kisha muulize anataka nini. Huenda akataka aendelee kumsuka mama huyo kwa sababu hela yake ni nzuri na hataki kushindwa. Huenda akasema hataki kumshika tena. Yote mawili ni haki yake. Lisilokuwa sawa ni wewe kuamua kimya kimya kumpeleka nyuma akaoshe taulo kila Jumamosi, ukajiambia unamlinda.

Hapo pana suala la pesa, nami nalisema wazi kwa sababu wenye saluni hulikwepa. Mafundi wako, kama walivyo wasusi wengi, wanalipwa kwa kichwa. Mteja akimkataa fundi, kichwa kimeondoka na hela yake imeondoka. Binti anatukanwa, halafu anapunguziwa na kipato kwa kosa la aliyemtukana. Kama umemwondoa kwenye kiti kile, hata kwa kumpumzisha, mpe sehemu yake ya kichwa kile kutoka mfukoni mwako, au mpangie kichwa kingine cha thamani ileile. Utaona jinsi utakavyopata haraka ujasiri wa kuongea na mama.

Na ufahamu sheria inasimama wapi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa kabila au mahali alikotoka, rangi, dini, jinsia, ulemavu na mambo mengine kadhaa, na inahesabu kumnyanyasa mfanyakazi kwa misingi hiyo kuwa ni ubaguzi. Soma hapo panapotajwa mwajiri. Siku utakayomnyima binti kazi kwa sababu mteja hataki kabila lake, mbaguzi umekuwa wewe, na malalamiko yake yanaweza kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sikutishi, mdogo wangu. Nakuonyesha kwamba "mteja ndivyo anavyotaka" si kinga.

Je, akirudia hata baada ya kusindikizwa? Basi mnaachana, lakini muachane kiungwana. Usimwache mtu njiani na kichwa nusu. Hata akiwa amesema la kusema, mmalizie, mshikie kioo, apokee kazi iliyokamilika. Halafu mwambie faraghani: "Mama, nimekuomba na naona imeshindikana. Kuanzia sasa naomba utafute saluni nyingine." Kama ametanguliza fedha ya harusi yoyote, mrudishie yote siku hiyohiyo. Usimweke kwenye status yako, usimpige picha, usiwasimulie wateja wengine. Atasema vibaya mjini, na wewe utakuwa na jambo moja la kujibu: kazi yake ilimalizika na hela yake ilirudi.

Pango ni hofu ya kweli na siipuuzi. Najua na LUKU inataka, na mzigo wa nywele kutoka Kariakoo haukopeshwi kila mara. Kwa hiyo usingoje siku ya kuachana ndipo uanze kuhesabu. Kaa leo na daftari, uandike kila bi harusi aliyepitia kwa mama yule, na namba yake ya simu. Hao sasa ni wateja wako. Wasalimie, wakumbushe kwamba upo, waulize nani anaolewa kwao mwaka huu. Waliketi kwenye viti vyako kwa sababu ya mikono ya mafundi wako, na kwa maelezo yako mwenyewe, mkono unaosifiwa kuliko yote ni wa binti wa Kigoma. Akichoka na kuhamia saluni ya jirani, atakuwa wapi huyo mama wa Jumamosi? Atamfuata, na ataendelea kumtukana hukohuko.

Nimeshauri upole mwingi, sasa niseme mahali ambapo upole hauna nafasi. Kama katika mafundi au wateja wako kuna mtu mwenye ualbino, na mtu akatania kwamba huyu ni "dili", hapo hakuna onyo la kwanza. Katika nchi yetu watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo, watoto wakiwemo, kwa sababu ya imani hizo za utajiri. Hali ilifika mahali ambapo Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli. Anayetania hivyo anatania juu ya mauaji. Anyamaze mara moja, na watu wote wasikie ukimwambia hivyo. Na kama maneno yake yananusa kwamba si mzaha, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na polisi siku hiyohiyo. Mteja wa namna hiyo simhesabii faida.

Kwa wadogo zangu wa Kenya, mengi ya hapo juu yanawahusu, ila ninyi mna pia jeraha la ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na maneno ya kikabila yanayosemwa kwa kucheka kwenye kinyozi yanaweza kuchemka mwaka wa uchaguzi. Nchi yenu ilitunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2008, nayo inakataza kumnyanyasa mtu kwa misingi ya kabila. Mwenye duka akibandika ukutani tangazo dogo kwamba siasa za makabila hazizungumzwi humu, tangazo linamsaidia kusema kabla hajafungua mdomo.

Wapo pia wasio na saluni wala fundi wa kumtetea: binti anayepita nyumba kwa nyumba kusuka, peke yake, kwenye kibaraza cha mtu. Kwako wewe sitakuambia ujibizane. Uko kwa watu, na usalama wako unatangulia. Maliza kichwa, pokea hela yako uihesabu, toka. Ukipigiwa tena, una haki ya kuwa na kazi nyingi siku hiyo na siku zote zinazofuata. Ukiweza kusema, sema ukiwa tayari umevaa viatu: "Shangazi, maneno ya leo hayakunipendeza." Kisha uende. Na mwambie mwenzako anayesuka mtaa huohuo, ajue anakokwenda.

Mwisho nina neno na ninyi mnaokaa kwenye benchi mkingoja zamu, au chini ya draya mkijifanya hamsikii. Mna nguvu ambayo mwenye saluni hana, kwa sababu ninyi nanyi ni wateja, na hakuna wa kuwafukuza. Neno kama lile likitolewa, si lazima ugombane na mtu mzima. Geuka tu umwambie mwenye saluni, kwa sauti ya kusikika: "Mimi leo nataka huyu dada ndiye anisuke." Kaa kwenye kiti chake. Muulize jina kama hulijui. Na kazi ikiwa nzuri, mpe namba ya mdogo wako anayeolewa Desemba.